Maswali ya Wasomaji: Protini ya Kukuza Neva, Je, Itamrudishia Babu Kumbukumbu?

Tangu tulipoandika habari ya wazee na usahaulifu meseji hazijakatika, kuanzia Mtwara mjini, Masasi, Newala, Tandahimba, mpaka Lindi na Kilwa huko, na nyingi zinaulizia kitu kimoja, ile protini inayosemwa inakuza neva za ubongo upya. Nimechagua chache nizijibu kwa kirefu kidogo kwa sababu naona watu wameanza kutoa hela.

Shikamoo dada. Babu yetu ana miaka 76, tupo Tandahimba. Tangu msimu wa korosho uliopita anasahau sana, anauliza swali lile lile kutwa nzima, juzi katoka benki na hela ya korosho kafika nyumbani hajui kaiweka wapi. Sasa kuna kaka anapita na vidonge anasema ndani mna protini ya kukuza neva, iligunduliwa na mwanamke mmoja akapewa tuzo ya Nobel. Dozi ya miezi mitatu laki nne na nusu. Mjomba anasema tutoe maana hela ipo. Tutoe? (Mjukuu, Tandahimba)

Marahaba mdogo wangu. Msitoe. Naliweka mwanzo kabisa ili mjomba asije akalipa kabla hujafika mwisho wa jibu.

Shida ya huyo kaka ni kwamba nusu ya maneno yake ni kweli tupu, na ndio maana yanaingia. Huyo mwanamke yupo kweli, ni Rita Levi-Montalcini, Muitaliano, mzaliwa wa Turin mwaka 1909. Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ilipitisha sheria za kuwafukuza Wayahudi vyuoni, na yeye alikuwa Myahudi, basi akaweka maabara chumbani kwake anakolala, akawa anachunguza mayai ya kuku, anaangalia neva za kifaranga ambacho hakijaanguliwa zinavyoota na zinavyokufa, vita inapiga nje. Mwaka 1947 akaalikwa Marekani na mtafiti mwenzake Viktor Hamburger, chuo kikuu kimoja mji wa St. Louis, na huko miaka ya 1950 wakaona kuna kitu kinatoka kwenye tishu fulani kinafanya neva ziote nyuzi kwa wingi ajabu. Mwenzake Stanley Cohen ndiye aliyekisafisha kitu hicho mpaka kikajulikana ni protini, akikitoa kwenye sumu ya nyoka na baadae kwenye tezi za mate za panya. Wakakiita NGF, kifupi cha nerve growth factor, yani kikuza neva. Nobel yao ilikuja 1986. Na huyu mama aliishi mpaka miaka 103, amefariki 2012, kwa kweli mimi nikimsoma nasisimka mwili.

Sasa kwanini NGF inahusishwa na kumbukumbu? Chini ya ubongo sehemu ya mbele kuna kundi la seli za neva zinazotengeneza kemikali inaitwa asetilikolini, na hiyo kemikali ni ya muhimu sana kwenye kukumbuka na kuwa makini na jambo. Seli hizo zinategemea NGF ili ziwe na afya, yani zinaipokea kutoka sehemu za juu za ubongo, inasafiri kwenye nyuzi zao mpaka kwenye mwili wa seli. Kwenye ugonjwa wa Alzheimer, ambao ndio chanzo cha asilimia 60 hadi 70 ya dimenshia zote, yani ule ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na akili kidogo kidogo, seli hizo ni kati ya zinazonyauka mapema. Mwaka 1987 watafiti waliwawekea NGF ubongoni panya waliozeeka wenye shida ya kukumbuka njia, na panya wale wakafanya vizuri zaidi na seli zao zikanenepa tena. Kwahiyo wazo lenyewe sio uongo hata kidogo.

Uongo unaanzia kwenye kidonge. NGF ni protini, na protini ukiimeza tumbo halijui kama ni ya ubongo au ya dagaa, linaimeng'enya yote. Hata ukiichoma sindano ikaingia kwenye damu, mishipa ya damu ya ubongo ina kuta zilizobana sana, molekuli kubwa kama hii haipiti. Hicho ndicho kikwazo kikubwa kilichowatesa wanasayansi miaka yote hii, sasa mtu anakwambia yeye amekivuka kwa kichupa kwenye begi la mgongoni!

Kinachouzwa mara nyingi kwenye vichupa hivyo ni unga wa uyoga, ule wa lion's mane. Huo uyoga una kemikali ambazo maabarani zilionekana kuchochea seli zitoe NGF, na Japani mwaka 2009 walichapisha utafiti mdogo wa watu 30 wenye usahaulifu mwepesi, waliokula uyoga kwa wiki 16 alama zao zilipanda kidogo, walipoacha zikashuka baada ya wiki 4. Watu 30 tu. Sio ushahidi wa kuuza gunia la korosho, na hao hawakuwa na dimenshia kama mnayoihofia kwa babu.

Hiyo laki nne na nusu ina kazi. Mpelekeni babu hospitali, iwe ya wilaya, au Ndanda, au Ligula, au ile ya kanda pale Mitengo, ulizeni dirisha la wazee, na mwende na mtu anayekaa naye kila siku ili aeleze vizuri, manake babu mwenyewe mbele ya daktari atasema hana tatizo. Yapo mambo yanayoharibu kumbukumbu na yanatibika kabisa. Upungufu wa vitamini B12, na hapa mseme kama babu anatumia metformini ya kisukari kwa miaka mingi kwasababu inaweza kuishusha. Tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango. Kaswende ya zamani, virusi vya ukimwi, sonona. Damu kuvilia juu ya ubongo baada ya kuanguka, mzee kadondoka kwenye mkorosho au kwenye bodaboda, akainuka akasema sijaumia, wiki kadhaa baadae anaanza kuchanganyikiwa. Na akibadilika ghafla, ndani ya siku mbili tatu, hiyo sio dimenshia mpaka ithibitike, mkimbizeni, inaweza kuwa malaria, nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo.

Kingine mkague dawa anazotumia. Wazee wengi wanapewa Piriton walale usiku, wanaizoea, wanameza kila siku. Ile dawa inazuia asetilikolini, kemikali ile ile niliyoitaja, ambayo mzee anaihitaji akumbuke. Yani familia inatafuta laki nne ya kuotesha neva na huku kwenye kimfuko cha dawa kuna kidonge cha bei chee kinazima kazi ya neva hizo hizo. Mkiikuta semeni kwa daktari aibadilishe.

Dada habari. Mimi nasoma kidato cha sita Lindi, mchepuo wa sayansi. Kama protini haipiti kwenye damu kwenda ubongoni, kwanini wasiiweke moja kwa moja ndani ya ubongo? (Mwanafunzi, Lindi)

Nzuri, asante kwa swali, hili ndilo nililokuwa nalisubiri. Wamefanya hivyo, na zaidi ya mara moja.

Wa kwanza walikuwa Wasweden mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walipitisha mrija mwembamba mpaka kwenye vyumba vya maji vya ndani ya ubongo, wakawa wanadondosha NGF polepole. Wagonjwa 3. Kulikuwa na dalili kidogo za ubongo kuitikia lakini wagonjwa wakaanza kuumwa mgongo maumivu yasiyoisha, na kukonda, ikabidi waache. Sababu ni kwamba NGF haiongei na seli za kumbukumbu peke yake, neva za maumivu nazo zinaisikiliza, ukiimwaga kila mahali unaziamsha nazo. Mpaka kuna makampuni yaliyotengeneza dawa ya kuizuia NGF ili kutuliza maumivu ya viungo! Kwahiyo somo likawa, ipelekwe pale inapotakiwa tu, isisambae.

Ndipo akaja Mark Tuszynski wa chuo kikuu cha California, San Diego. Mwaka 2001 timu yake ilichukua seli za ngozi ya mgonjwa mwenyewe, wakaziwekea jeni, yani maelekezo ya ndani ya seli, la kutengeneza NGF, wakazipandikiza ndani ya ubongo karibu na zile seli zinazokufa, ili zitoe protini hapo hapo. Watu 8 wenye Alzheimer ya hatua za mwanzo. Hii habari ina upande mchungu na lazima niseme, wagonjwa wawili walitikisika wakati wa upasuaji kwasababu walikuwa hawajalazwa usingizi kabisa, damu ikavuja ubongoni, mmoja akafariki wiki 5 baadae. Waliofuata wakafanyiwa wakiwa wamelala kabisa. Lakini walipochunguza ubongo wa waliofariki baadae, hata waliofariki miaka mingi mbele, walikuta nyuzi za neva zimeota kuelekea kule NGF inakotoka. Binadamu mzee, mgonjwa, neva zake bado zinaweza kuota. Mimi hilo naliona kubwa sana.

Baadae wakaacha seli za ngozi wakatumia virusi visivyo na madhara, vimeondolewa uwezo wa kuzaliana, vinabeba jeni la NGF na kuliingiza kwenye seli za ubongo. Jaribio la watu 49, nusu wakapewa tiba na nusu wakafanyiwa upasuaji wa kuigiza bila dawa ili kulinganisha, wakafuatiliwa miaka 2. Matokeo yalitoka 2018, hakuna tofauti. Wengi wakasema basi, NGF imekufa. Ila 2020 wakachapisha uchunguzi wa ubongo wa wagonjwa waliokuwa wameshafariki, wakakuta jeni lilisambaa kama milimita moja tu kutoka sindano ilipochoma, na zile seli zilizolengwa halikuzifikia. Wewe wa kusini utanielewa haraka, umepuliza dawa ya salfa shambani, upepo ukaipeleka kando, ubwiri, ule ukungu wa mikorosho, ukala maua yote, hapo huwezi kusema salfa haifanyi kazi, mikorosho yako haikuipata. Kwahiyo mpaka leo hatuwezi kusema NGF imeshindwa na wala hatuwezi kusema imefaulu, hapo ndipo tulipo.

Kuna na ndugu yake NGF, anaitwa BDNF, huyu alipatikana mwaka 1982, Yves-Alain Barde na Hans Thoenen walimtoa kwenye ubongo wa nguruwe. BDNF inahudumia sehemu ambazo Alzheimer inazishambulia mapema na ndizo zenyewe zinazotunza kumbukumbu mpya, hipokampasi na eneo linaloipelekea habari. Mwaka 2009 kundi la Tuszynski walionyesha kwa panya na nyani kwamba ukiweka BDNF hapo, seli zinapona na kujifunza kunakuwa bora. Mwaka 2021 wakatangaza jaribio la kwanza kwa binadamu, watu 12 wa kupewa jeni la BDNF, na safari hii wanatazama kwa MRI, mashine ya kupiga picha ya ndani ya ubongo, wakati dawa inaingia ili wahakikishe imefika. Jaribio la hatua ya kwanza kama hili kazi yake kubwa ni kuangalia usalama, usilisome kama tangazo la dawa.

Na kidonge cha kweli nacho wamejaribu, sio protini yenyewe, ni molekuli ndogo inayoweza kupita mpaka ubongoni na kushika kipokezi kile kile ambacho protini hizi hushika. Inaitwa LM11A-31. Watu 242, wiki 26, matokeo yamechapishwa 2024, usalama ulikuwa mzuri na vipimo vingine vya maabara vilionyesha uharibifu unapungua kasi, ila kwenye mitihani ya kumbukumbu hakukuwa na tofauti ya kueleweka.

Ukipenda mfano wa NGF kuwa dawa kamili, upo, ni matone ya macho. Yameidhinishwa Ulaya 2017 na Marekani 2018 kwa watu ambao neva za kioo cha mbele cha jicho zimeharibika na kidonda hakiponi. Jicho unalifikia kwa tone, ubongo upo ndani ya fuvu. Kama unawaza cha kusomea chuo, njia ya kuifikisha dawa ubongoni ni eneo linalosubiri vichwa vipya, na nakuombea.

Tumechanga ukoo mzima, tunaweza kumpeleka bibi Marekani akapate hiyo tiba ya jeni? (Nachingwea)

Hapana. Haiuzwi, ni majaribio ya watu wachache wanaochaguliwa kwa masharti makali. Zipo dawa mpya nyingine zilizokubaliwa kule, kama lekanemabu ya mwaka 2023, lakini hiyo haikuzi neva, inaondoa uchafu wa protini unaojikusanya ubongoni, ni kwa hatua za mwanzo tu, dripu kila baada ya wiki mbili kwa kuanzia na MRI za mara kwa mara kwasababu ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu, na faida yake ilikuwa kupunguza kasi ya ugonjwa kwa asilimia 27 ndani ya miezi 18, sio kurudisha kilichopotea. Mchango wenu uwekeni umlipe mtu wa kukaa na bibi mchana, au apimwe macho na masikio apate miwani na kifaa cha kusikia, kuna wazee wanaonekana wamepotea kumbe hawasikii.

Na muulizeni daktari kuhusu donepezili. Ni ya zamani, tangu 1996, inafanya asetilikolini iliyobaki ikae muda mrefu zaidi kabla ya kuvunjwa. Haiponyi. Kuna wanaopata nafuu ya miezi kadhaa.

Korosho, karanga na ming'oko zinaongeza hii protini ya ubongo? (Masasi)

Kuleni, ni chakula kizuri, na samaki msimsahau, na mboga za majani. Ila hakuna chakula cha kuotesha neva zilizokufa na dimenshia. Uraka na gongo ndio viachwe, pombe nyingi ipo kwenye orodha ya vinavyoongeza hatari.

Asalam aleykum. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Mikindani, nina miaka 66. Mama yangu alifariki akiwa hanitambui na naogopa kufuata njia hiyo hiyo. Nimesikia kutembea kunaongeza BDNF, ni kweli au ni maneno ya watu wa mazoezi?

Waaleykum salaam mwalimu, shikamoo, na pole sana kwa mama. Kutokutambuliwa na mzazi ni msiba kabla ya msiba.

Lina ukweli. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa watu 120 wa miaka 55 hadi 80, wasio na dimenshia. Nusu walitembea kwa kasi dakika 40 siku tatu kwa wiki, nusu walifanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Baada ya mwaka hipokampasi za watembeaji zilikuwa zimeongezeka ukubwa kwa kama asilimia 2, za wenzao zilisinyaa kidogo kama inavyotokea uzeeni, na waliopata ongezeko kubwa zaidi walikuwa pia na BDNF iliyopanda zaidi kwenye damu. Ila nisikupe nusu ya habari, kwa watu ambao tayari wana dimenshia jaribio la Uingereza la watu 494, la mwaka 2018, lilionyesha mazoezi makali hayakupunguza kasi ya kusahau. Kwahiyo kutembea ni kwa ajili yako wewe saivi, kabla. Barabara ya Mikindani ile ya ufukweni asubuhi baada ya swala, jua halijawa kali, unatembea mpaka jasho linatoka kidogo na bado unaweza kuongea na mwenzio.

Na presha, mwalimu. Ukiniuliza jambo moja la kufuata nitasema presha, upime na unywe dawa kila siku hata ukijisikia mzima, manake huku kwetu watu wanakunywa dawa ya presha kichwa kikiuma tu. Ripoti ya jopo la jarida la Lancet ya mwaka 2024 inahesabu mambo 14, presha, kisukari, lehemu, kusikia, kuona, sigara, upweke na mengine, na inasema yakidhibitiwa karibu asilimia 45 ya dimenshia duniani ingeweza kuzuilika au kucheleweshwa. Kuwa na mzazi aliyeugua kunaongeza hatari, ndio, lakini hakujakuandikia. Endelea na bao pale barazani, endelea kufundisha watoto wa mtaani hesabu, mtu wa peke yake hatari yake ni kubwa zaidi.

Dada nisaidie, nipo Kilwa Kivinje. Mama yangu usiku anafungua mlango anatoka, anasema anarudi kwao, na kwao alishatoka miaka hamsini iliyopita. Majirani wawili wamemkuta uwanjani kwao saa nane usiku wameanza kusema mama ni mchawi. Kama hiyo protini bado haipo mimi nifanyeje?

Mwanangu pole, pole sana. Mama yako anaumwa. Kutangatanga usiku, kutaka kurudi kwao, kutotambua nyumba ya jirani na yake, hizo ni dalili za ubongo zinazojulikana dunia nzima, na Tanzania vilevile, utafiti wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa 2013 ulikuta karibu 6 katika kila wazee 100 wa miaka 70 na zaidi wana dimenshia. Yani kwenye mtaa wenu hayupo peke yake, wengine wamefichwa ndani.

Usingoje maneno yakue. Kesho nenda kwa mwenyekiti wa mtaa ukiwa na cheti cha hospitali au hata kadi yake ya kliniki, mwombe aite wale majirani wawili na mzee wa msikiti, uwaeleze huu ni ugonjwa, unaitwa dimenshia, na wakimwona usiku wamshike mkono wamrudishe au wakupigie simu. Namba yako ishone kwenye kanga yake. Mimi nimeona jirani aliyekuwa anasema maneno ndiye akawa wa kwanza kumrudisha bibi wa watu nyumbani, baada tu ya kuelezwa. Mkikuta mtu anatishia kumdhuru, polisi, moja kwa moja, na dawati la jinsia lipo kwa ajili hiyo.

Ndani ya nyumba, akisema anarudi kwao usibishane nae kwamba kwao hakupo. Muulize kwao kukoje, nani yupo, wanapika nini, mkae, mpe uji, atasahau safari. Mchana asilale sana, mtoe nje kwenye mwanga, apepete ufuta au achambue mboga hata kama anaharibu kidogo. Jioni taa iwake mapema kwasababu giza linawachanganya. Mlango funga kitasa cha juu asikoangalia, au ning'iniza kopo lenye kokoto ulisikie likigonga, ila usimfungie peke yake ndani, moto ukitokea hatatoka. Kama anaamka kila usiku angalia kama ana haja ndogo, ana maumivu, au ana kiu, wengi hawawezi kusema wanachokisikia mwilini wanaamka tu wanaondoka.

Na wewe ulale. Waite kaka zako wagawane zamu, hata wakilalamika, kumlea mama sio kazi ya binti mmoja. Niandikie tena baada ya kikao cha mwenyekiti, nataka kujua wamesemaje.